Gia ya kemu kwenye injini ya CG: kuifungua, kuikagua na kuirudisha

Pikipiki ya CG ikianza kugonga upande wa kushoto, kijiweni hukumu hutoka papo hapo: "Kemu imekwisha hiyo." Kemu ni kile chuma chenye nundu kinachofungua valvu za injini. Mwenye chombo anakimbilia duka la spea, anarudi na gia mpya, fundi anaifunga chini ya roka (mikono inayoinuliwa na nundu) zilezile za zamani, na kabla oili haijabadilishwa mara ya pili kelele imesharudi. Lawama zote zinaangukia spea. Mara nyingi spea haikuwa na kosa. Kosa ni kubadilisha gia bila kujua ni nini hasa kilikwisha, wala kwa nini kilikwisha.

Mwongozo huu ni wa injini za CG, yaani zile za pushirodi (fito zinazopeleka msukumo wa kemu juu kwenye valvu), ambazo zimo kwenye pikipiki nyingi sana za Kichina za cc 125, 150 na 200. Kama injini yako ina cheni ya taimingi inayopanda hadi kwenye hedi (kichwa cha injini), kama ilivyo kwa Boxer, kazi yake ni nyingine.

Ielewe kabla ya kuishika

CG125 ya Honda ilitoka katikati ya miaka ya 1970. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Injini zilizotangulia zilikuwa na kemu juu kwenye hedi, na zilikuwa zinaumia mikononi mwa watu wanaobeba mizigo mizito na kuchelewesha oili. Kwa CG kemu ikashushwa chini, karibu na krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni), ikawa inazungushwa na gia moja kwa moja. Hakuna cheni ya kulegea wala tenshena (kikaza cheni) ya kuchoka. Ndiyo maana muundo huu ulinakiliwa kila mahali, na ndiyo maana umedumu.

Gia yenyewe na nundu ya kemu ni kipande kimoja, kinachozunguka juu ya pini yake. Krankishafti ikizunguka mara mbili, gia ya kemu inazunguka mara moja. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita: nundu ni moja tu. Nundu hiyohiyo inainua roka mbili za chini, moja ya valvu ya kuingiza na nyingine ya valvu ya ekzozi. Kila roka ya chini inasukuma pushirodi yake, pushirodi inainua roka ya juu, roka ya juu inabonyeza valvu.

Kama nundu ni moja, basi nundu ikilika valvu zote mbili zinaumia kwa pamoja. Ukikuta valvu moja tu ndiyo yenye tatizo na mwenzake iko sawa, usiishtaki nundu. Tafuta kwenye roka ya chini ya upande huo, pushirodi yake, au roka ya juu. Ukilishika hili, utaokoa pesa nyingi za watu.

Pima kabla ya kufungua

Injini iwe imepoa kabisa. Ilale usiku mzima, asubuhi ndiyo unaanza. Fungua kava la tapeti juu, toa plagi, kisha fungua vile vifuniko viwili vya duara kwenye kava la kushoto: kimoja kinakuonyesha nati ya sumaku (ile ya kuzalisha umeme, kwenye ncha ya krankishafti), kingine alama za sumaku. Zungusha nati kwa spana ya boksi, kinyume na mwendo wa saa ukiwa umesimama upande huo wa kushoto, mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye kava. Shika roka za juu kwa vidole. Zote mbili zikiwa na ulegevu kidogo, pistoni iko juu kwenye kompresheni. Zikiwa zimekaza, zungusha mzunguko mmoja kamili na ujaribu tena.

Seti tapeti, yaani nafasi kati ya roka ya juu na valvu, kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa CG125 ni milimita 0.08 valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Usikisie kwa kidole. Kelele nyingi zinazoitwa za kemu huishia hapa hapa.

Sasa pima kimo ambacho kila valvu inashuka. Weka kijiti cha kina cha venia juu ya kofia ya springi ya valvu, soma kipimo, kisha zungusha injini taratibu kwa mkono mpaka valvu ifike chini kabisa, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mshuko wa valvu. Andika. Fanya hivyo kwa valvu ya pili.

Namba mbili zikikaribiana, na zinalingana na za injini isiyo na hitilafu ya aina hiyohiyo, nundu yako iko salama na kelele inatoka kwingine. Zote mbili zikiwa chini, nundu imelika, au roka zote mbili za chini zimelika pamoja nayo. Moja ikiwa chini kuliko mwenzake, umeshajua upande wa kutafuta.

Mtu atauliza: si tapeti ingelegea yenyewe kama nundu imelika? Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Tapeti tunaiseti roka ikiwa imekaa mgongoni mwa kemu, upande wa duara, si kwenye ncha. Ncha inaweza kuliwa hadi ikawa bapa na tapeti ikaendelea kusoma 0.08 kama kawaida. Pikipiki inakosa nguvu mlimani, inakunywa mafuta, na fundi anahangaika na kabureta. Uso wa roka ya chini ukilika, hapo tapeti inalegea, na utajikuta unaiseti kila baada ya siku chache.

Kabla ya kuamua kufungua, rudisha plagi na makava, washa injini na usikilize kwa bisibisi ndefu, mpini sikioni na ncha kwenye injini. Gusa kwenye kava la tapeti, kisha kwenye kitako cha silinda upande wa kushoto, kisha kwenye kava la sumaku. Mlio wa roka na tapeti ni wa kugongagonga. Mlio wa meno ya gia yaliyolika unavuma, na unapanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini.

Kufungua juu

Tayarisha spana za boksi, fila geji, venia, pula ya sumaku ya injini hiyo, kifaa cha kuizuia sumaku isizunguke, na gasketi mpya za hedi, kitako cha silinda na kava la kushoto. Bila pula usianze. Kupiga sumaku kwa nyundo kunapinda ncha ya krankishafti au kuipasua sumaku yenyewe, na hasara hiyo inapita bei ya gia ya kemu mara nyingi.

Mwaga oili kwanza. Ipokee kwenye beseni safi, uichuje kwenye kitambaa cheupe, na ubaki na kile kilichonaswa. Vumbi jeusi ni la kawaida. Chembe za chuma zinazong'aa na kushikwa na sumaku zinatoka kwenye nundu, roka au meno.

Toa tangi, ekzozi, kabureta na waya wa plagi. Rudisha pistoni juu kwenye kompresheni ili roka zisibebe mzigo wa springi, kisha fungua kishikio cha roka za juu. Piga picha kabla ya kugusa pushirodi, kwa sababu utahitaji kukumbuka kila moja ilipita wapi na ilikalia roka gani. Zitoe polepole huku ukizizungusha kidogo, maana oili huzigandisha kwenye vikombe vya roka za chini. Zichomeke kwenye boksi ulilotoboa matundu mawili, lililoandikwa "ingiza" na "ekzozi". Zimeshazoeana na roka zake, usizibadilishane.

Nati za hedi zilegezwe kwa kupishana, robo mzunguko kila moja, si moja hadi mwisho ndipo nyingine. Angalia washa zake: ikiwepo ya shaba, kumbuka ilikuwa kwenye nati ipi, inazuia oili isivuje. Inua hedi, kisha silinda. Mara silinda inapoanza kupanda, jaza kitambaa safi kwenye mdomo wa krenkesi (bodi ya chini ya injini), kwani vipini vya kuongozea silinda hupenda kudondokea ndani.

Kwenye injini hizi roka za chini hutoka pamoja na silinda, zikiwa zimeshikwa na pini kwenye sehemu yake ya chini. Chomoa pini, zitoe, ziwekee alama za upande wake.

Kufungua upande wa kushoto

Piga alama kwenye shafti ya pedali ya gia kabla ya kuichomoa, ili irudi kwenye pembe ileile ambayo dereva amezoea. Fungua kava dogo la sproketi, achanisha soketi za waya, kisha fungua boliti za kava la sumaku. Boliti hizi hazilingani urefu. Chora umbo la kava kwenye kipande cha katoni na uchomeke kila boliti mahali pake. Boliti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inapasua krenkesi.

Pale ambapo koili zimefungwa ndani ya kava, utahisi sumaku inalivuta unapolitoa. Livute sawasawa bila kulipinda, vidole vikiwa mbali na ukingo.

Izuie sumaku, fungua nati, funga pula, kaza. Ikigoma, kaza pula kisha gonga kichwa chake kwa nyundo kidogo, itaruka. Tafuta mara moja ile kii ya nusu mwezi kwenye krankishafti na uiweke mfukoni mwa boksi la spea. Kama ni ya selfu (ya kuwasha kwa kitufe), nyuma ya sumaku kuna sproketi na cheni yake, vinavutwa pamoja baada ya kutoa kibati kinachoizuia.

Hapo ndipo unaiona gia kubwa ya kemu na gia ndogo ya krankishafti iliyoshikana nayo. Usichomoe bado.

Kila gia ina alama yake, kwa kawaida nukta iliyochomwa. Nukta hizo zinapaswa kutazamana, jino kwa pengo. Kama hazitazamani, zungusha krankishafti mzunguko mmoja kamili, kwani nukta ya kemu inafika pale mara moja tu katika mizunguko miwili. Bado hazikutani? Aliyefungua injini hii kabla yako aliifunga vibaya, na huenda tatizo zima la mteja ni hilo. Zisafishe kwa petroli, zipake rangi nyeupe kidogo, piga picha. Injini zenye shafti ya mizani (ya kupunguza mtetemo) zina alama nyingine za ziada; usizikorofishe.

Kabla ya kutoa, ishike krankishafti isitikisike na utikise gia ya kemu kwa vidole, mbele na nyuma. Panapaswa kuwa na mchezo mdogo sana, wa kuhisi zaidi kuliko kuona. Zungusha robo, jaribu tena, mpaka umalize duara. Mchezo ukiwa mkubwa sehemu moja na mdogo nyingine, meno hayajalika sawa au pini imelika. Ivute pia nje na ndani, na uipinde kushoto na kulia. Ikiyumba kama tairi lenye beringi mbovu, pini au tundu lake limekwisha. Baada ya hapo fungua kinachoishika pini, chomoa pini, toa gia.

Kukagua

Osha kila kitu kwa dizeli, malizia kwa petroli kidogo nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Anza na nundu, juani. Igeuze polepole mwanga ukiteleza juu yake. Nundu isiyo na kasoro inang'aa kwa usawa, na ncha yake ni ya mviringo laini. Pitisha ukucha kuvuka upana wake. Ukucha ukinasa kwenye ngazi au mfereji, hiyo imekwisha. Vishimo vidogo kama vilivyochomwa na sindano maana yake ngozi ngumu ya chuma imeanza kubanduka, na ikishaanza hairudi nyuma. Rangi ya bluu au ya zambarau inasimulia kwamba chuma kilipata moto, na moto wa pale unatoka kwenye ukosefu wa oili.

Pima kimo kwa maikromita, kuanzia mgongo hadi ncha, sehemu tatu katika upana. Linganisha na kitabu cha injini hiyo, au nenda dukani na maikromita yako upime gia mpya ya injini ileile. Pima pia upande wa duara. Hapo huwa hapaliki sana, kwa hiyo duara likitofautiana na la gia mpya, huenda mkononi umeshika gia ya injini nyingine. Za 125 na za 200 zinafanana kwa macho.

Roka za chini zinahitaji jicho kali zaidi. Uso unaoteleza juu ya nundu unapaswa kuwa laini na wenye mviringo wake. Uliolika unakuwa na sehemu bapa, au bonde lenye kingo unazozihisi kwa ukucha. Geuza roka uangalie kikombe inapokaa pushirodi: kiwe cha mviringo, bila ufa. Ichomeke kwenye pini yake na uitikise. Tazama na pini yenyewe, ambayo mara nyingi inalika upande mmoja tu, kwa hiyo izungushe yote.

Msimamo wangu hapa hauyumbi: nundu ikiharibika, roka zote mbili za chini zinabadilishwa pamoja na gia. Uso wa roka uliokwisha ni kama msasa kwa nundu mpya. Roka zikiharibika na nundu ikawa bado laini na yenye kimo chake, unaweza kubadilisha roka peke yake, lakini nundu iwe laini kweli, si "inafaa faa".

Kuna mafundi wa mashine wanaochomelea nundu na kuisaga upya. Usikubali. Uso wa nundu umegumishwa kiwandani, na chuma cha kuchomelea kilichosagwa kwa macho hakina ugumu huo wala umbo lile. Kinalika upesi, na unga wake unaingia kwenye oili na kusambaa hadi kwenye konirodi.

Meno: tafuta yaliyomeguka, yenye vishimo, au yaliyochongoka. Kagua na gia ndogo ya krankishafti bila kuisahau, maana gia mpya haitanyamaza ikisagana na ya zamani iliyoharibika. Hiyo ndogo ikiwa mbovu, injini inabidi ipasuliwe nzima. Mwambie mteja mapema kabla hajanunua chochote.

Pushirodi zibiringishe juu ya kioo. Inayoruka imepinda. Usiinyooshe, nunua. Ncha ziwe za mviringo, bila kuchakaa upande.

Kisha jiulize kwa nini. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya kazi ileile irudi gereji. Puliza matundu ya oili kwenye gia, pini na krenkesi. Fungua kava la kulia, safisha chujio la wavu na lile kopo linalozunguka kwenye ncha ya krankishafti, ambalo hukusanya tope zito ukutani mwake. Kwenye pikipiki iliyocheleweshewa oili utakwangua tope hilo kwa kijiti. Pampu ya oili ikiwa na mikwaruzo mirefu, ibadilishe.

Kurudisha

Paka nundu, nyuso za roka na pini grisi yenye molibdenamu, au oili nzito ya injini kama huna. Dakika za kwanza injini inawaka kwa kilainishi hicho tu. Ingiza gia, nukta zitazamane sawasawa, rudisha pini na kizuizi chake. Ziangalie tena ukiwa umeinama usawa wa gia, kwani ukitazama kwa pembe jino moja linaweza kukudanganya. Jino moja likikosewa, pikipiki inagoma kuwaka, inarudisha kiki, au inawaka bila nguvu na kuchemka.

Roka za chini, silinda, hedi, pushirodi kwenye upande wake, roka za juu. Oringi na gasketi zote mpya. Nati za hedi kaza kwa kupishana, kwa awamu, kwa torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Futa mafuta kwenye ncha ya krankishafti na ndani ya sumaku kabla ya kuifunga, na hakikisha kii imekaa.

Sasa, plagi ikiwa nje, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigota, simama, usilazimishe. Rudi kwenye nukta na kwenye vikombe vya pushirodi. Ikizunguka bila kugota, seti tapeti 0.08 na upime tena mshuko wa valvu kama ulivyofanya mwanzo. Linganisha na namba ulizoandika. Zikiwa zimepanda na zinakaribiana, kazi imekaa.

Weka oili mpya, lita moja hivi, kwa kusoma kijiti. Piga kiki mara kadhaa plagi ikiwa bado nje mpaka uone oili inafika kwenye roka za juu, ndipo ufunge plagi na kuwasha. Usiiache ikilala kwenye sailensa (mwendo wa chini kabisa) mara ya kwanza. Ishikilie kwa mwendo wa wastani dakika chache, ukipandisha na kushusha kidogo, ili oili irushwe vizuri kwenye nundu mpya.

Mwambie mteja arudi akifikisha kilomita 300 hadi 500. Mwaga ile oili, ichuje kwenye kitambaa cheupe kama mwanzo, seti tapeti injini ikiwa baridi, na safisha tena chujio la wavu. Kwa bodaboda inayokimbia kutwa na abiria wawili, oili ibadilishwe kila kilomita 1,500 hadi 2,000, hata kama kijiti bado kinaonyesha imejaa.